Mkasi Uliolala kwenye Friza

Jumatatu, 4 Machi

Kimefika. Miezi minne tunakisubiri, na leo saa tatu asubuhi mleta mizigo ameingia maabara na boksi jeupe linalofuka moshi wa barafu kavu. Nimelipokea mimi, kwa mikono yangu miwili, kabla Bi Rula hajainuka kwenye kiti. Naliandika hilo ili lisije likasahaulika.

Bi Rula ni fundi mwenzangu hapa maabara. Si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu hupanga vichupa kwa rula. Kweli kabisa, nimemshuhudia. Mimi wananiita Mipango. Nadhani ni kwa heshima.

Ndani ya boksi mlikuwa na boksi, ndani yake boksi jingine, na ndani kabisa kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ndani ya kichupa: hamna kitu. Nikakigeuza juu chini. Profesa akaniambia tafadhali nisikitikise, kitu kimo, ila macho yangu hayakiwezi.

Halafu akatueleza upya, maana anajua huwa nasahau. Hiki ni kimeng'enya cha binadamu, lakini hakuna binadamu aliyepungukiwa hata unywele. Wenye kiwanda walichukua maelekezo yaliyomo mwilini mwa mtu, wakazipa seli zinazofugwa kwenye matangi, nazo zikakitengeneza. Kazi yake ni kukata. Seli zetu zimekaa kwenye wavu wa nyuzi. Bila huo wavu tungemwagika sakafuni kama uji. Kimeng'enya hiki ni mkasi wa kukata wavu. Ukikata kwa kiasi, mwili unajikarabati. Ukikata bila kukoma, kidonda hakifungi. Sisi tunatafuta kitu cha kuutuliza mkasi. Lakini kwanza tuonyeshe kwamba mkasi wenyewe, mikononi mwetu, unakata.

Nilisikiliza kuliko kawaida yangu. Mama mkwe ana kidonda juu ya kifundo cha mguu, mwezi wa saba huu, na anakaa kwetu ili awe karibu na kliniki. Kila jioni ananiuliza tumefikia wapi. Kila jioni namwambia tumekaribia.

Jambo la pili. Ijumaa wanakuja wageni wa bodi kuona kazi yetu. Atakayefanikisha maonyesho atapelekwa mafunzo ya wiki mbili ng'ambo. Kwa ndege. Profesa akagawa majukumu. Ufunguo wa friza na kimeng'enya: Bi Rula. Mimi: bafa. Bafa ni maji ya chumvi yenye majivuno. Miaka kumi na moja kazini, maji ya chumvi.

Nimetabasamu tu. Ninao mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mpango ulikuwa hivi. Naazima ufunguo kwa kisingizio cha kutafuta sampuli zangu. Nakihamisha kile kichupa na kukificha nyuma kabisa, kwenye boksi la sampuli za panya za zamani ambalo hakuna mtu mwenye hamu nalo. Bi Rula anakitafuta, hakioni. Taharuki. Profesa anashika kichwa. Hapo naingia mimi, mtulivu, nakipata. Mtu aliyeokoa miezi minne ya kusubiri hawezi kuachiwa maji ya chumvi.

Saa mbili na nusu nimekificha. Saa tatu nimekaa kusubiri taharuki.

Saa nne, hamna taharuki. Bi Rula anapiga mluzi. Saa tano nikamuuliza, kama mtu anayepita tu, kama kimeng'enya kiko salama. Akasema kiko salama. Saa sita nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa Profesa nikamwambia nina wasiwasi, nahisi kichupa kimepotea. Tukaenda wote watatu kwenye friza. Nikapekua huku nikihema. Nikakitoa nyuma ya panya, nikakiinua juu kama kombe.

Profesa akaniuliza nafurahia nini. Bi Rula akaeleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba kimeng'enya hiki kikiganda na kuyeyuka mara nyingi kinakufa. Kwa hiyo jana ileile mchana alikigawa kwenye vichupa kumi vidogo. Viko rafu ya juu, vimeandikwa namba, vimepangwa kwa rula. Nilichokuwa nimekiinua ni kichupa kitupu.

Profesa akasema chombo kitupu hutupwa kwenye ndoo ya njano. Nikakitupa.

Nyumbani mama mkwe akauliza tumefikia wapi. Nikamwambia leo nimeshughulika na usalama.

Jumatano, 6 Machi

Nimeachana na hila. Sasa ni sayansi tupu. Nitaonyesha kwamba kimeng'enya kinakata, na nitaonyesha leo, siku mbili kabla ya Bi Rula.

Nilimwomba kichupa kimoja kati ya vile kumi. Nilijiandaa kwa ubishi wa nusu saa. Akanipa papo hapo. Akasema tu, kaka, usisahau kwamba kimelala, kiamshe kwanza. Nikamjibu kwamba hilo hata mtoto analijua. Nikaenda kukiamsha: nikakishika kiganjani mpaka kikayeyuka.

Lakini nikikatie nini? Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kama saa. Wavu wa mwili ni kolajeni. Kolajeni ikichemshwa inakuwa jelatini. Na jelatini ndiyo ile jeli nyekundu inayotikisika, ambayo mama mkwe hujitengenezea kila wiki kwa sababu meno yake mawili ya mbele yamegoma. Bakuli lake lilikuwa kwenye friji yetu. Asubuhi nilichota kikombe kimoja. Kikombe kimoja kwa ajili ya sayansi.

Saa nne nikadondosha kimeng'enya juu ya jeli kwa pipeti. Nikaingiza kwenye kabati la joto, nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu. Nikasubiri nimesimama.

Saa tano nikafungua. Maji. Jeli yote imekuwa maji mekundu. Nilikiinamisha kikombe huku, nikakiinamisha kule, kinacheza kama juisi. Nilishangilia peke yangu chumbani. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, nikaiweka juu ya meza ya Profesa, katikati kabisa, juu ya miwani yake.

Jioni mama mkwe aliona bakuli limepungua. Nikamwambia ukweli, kwamba jeli yake leo imeingia kwenye historia. Akataka kujua kama hiyo dawa ilikula jeli kweli. Nikasema ndani ya saa moja. Akautazama mguu wake uliofungwa bendeji. Kisha akaniambia taratibu, "Basi, baba, kesho niletee tone moja tu. Sitamwambia mtu."

Mke wangu akaacha kukata vitunguu. Wote wawili wananitazama.

Ningeweza kujitapa. Niliutaka sana ule mtazamo wa mama mkwe, mtazamo wa kuniamini. Lakini nilimwambia, "Mama, hii si dawa. Ni ya maabara tu, imeandikwa mpaka kwenye boksi. Halafu hii kazi yake ni kukata. Kwenye kidonda chako mikasi imejaa tayari, ndiyo inayokizuia kufunga. Nikikuletea nitakuongezea maumivu."

Akafikiri. Akasema, basi kumbe miezi yote hii unajitapa na ugonjwa, si na dawa. Mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alidai ni vitunguu.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao cha asubuhi. Profesa ameshika ripoti yangu. Nikakaa vizuri nipigwe sifa.

Akasema imeandikwa kwa hamasa. Kisha akauliza kikombe cha pili kiko wapi, kile chenye jeli bila kimeng'enya, cha kulinganishia. Nikasema sikuweka cha pili kwa sababu nilimhurumia mama mkwe. Profesa akasema aha.

Bi Rula alitoka, akarudi na kijikombe cha jeli ya chakula chake cha mchana, akakiweka kwenye kabati la joto mbele yetu. Tukaendelea na kikao. Baada ya dakika ishirini akakitoa. Maji. Hamna kimeng'enya, hamna mkasi, hamna chochote. Jeli yoyote, akasema Profesa, ikipata joto la mwili inayeyuka. Ndiyo maana inayeyuka mdomoni. Ndiyo maana watu wanaipenda.

Halafu Bi Rula akaniuliza, kwa ule upole wake, nilikiamshaje. Nikamwambia kiganjani. Profesa akavua miwani akaiweka mezani, akaufunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika. Kumbe kimeng'enya hiki hutoka kiwandani kimefumbwa mdomo. Kina kipande chake chenyewe kinachoziba pale pa kukatia, ili kisije kikajila chenyewe njiani. Kukiamsha ni kukiondoa kile kipande kwa dawa maalumu, kwa saa kadhaa. Changu kimekaa ndani ya jeli ya mama mkwe usingizi fofofo tangu mwanzo hadi mwisho.

Tumecheka wote. Niseme kweli, hata mimi nimecheka. Bi Rula akacheka mpaka akagonga kishika vichupa, viwili vikaenda upande, na hakuvinyoosha kwa dakika nzima.

Lakini kesho ni kesho. Profesa amesema maonyesho atayaongoza Bi Rula, kwa bamba la jeli. Inavyofanyika: unatandaza bamba jembamba la jeli ya maabara yenye jelatini ndani, lenyewe haliyeyuki kwa joto. Unakiingiza kimeng'enya, unalilaza bamba kwenye bafa ya uvuguvugu hadi kesho yake, kisha unalipaka rangi ya buluu. Palipo na jelatini panakuwa buluu. Mkasi ulipokata panabaki peupe, kama dirisha. Dirisha likionekana, mkasi unakata.

Na bamba linalala kwenye bafa. Bafa ni yangu!

Hapo nikapata wazo kubwa. Upo unga mweupe tunaotia kwenye vichupa vya damu ili isigande. Damu inakaa freshi. Kinachotunza damu kitashindwaje kutunza kimeng'enya? Nitaboresha bafa. Kesho madirisha yatatokea makubwa kama milango, wageni watauliza siri ni nini, na Bi Rula mwenyewe itabidi aelekeze kidole kwangu.

Nimetia vijiko viwili. Nikakoroga. Sijamwambia mtu. Saa kumi jioni Bi Rula amelilaza bamba, akanishukuru kwa bafa. Akasema imekaa safi. Hajui.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haraka.

Wageni walikuwa watano, wamekaa mstari mmoja. Profesa amevaa tai. Mimi nimevaa koti jipya la maabara, bado lina mikunjo ya pakiti. Bi Rula akatoa maelezo, mazuri, mafupi, kila mtu akaitikia kwa kichwa. Kisha akalitoa bamba kwenye rangi, akalisuuza, akaliinua kwenye mwanga.

Buluu. Buluu toka kona hadi kona. Hata kitundu cha sindano hakuna.

Mgeni mmoja akauliza kama tunatakiwa kuona kitu. Bi Rula akasema ndiyo. Akaligeuza upande wa pili. Buluu. Akalirudisha upande wa kwanza. Wiki nzima sijawahi kumwona hajui la kufanya, na nilikuwa nimeota kumwona hivyo. Haikuwa tamu. Profesa aliangalia sakafu. Miezi minne ya kusubiri, kimeng'enya kimoja, na pale mbele mwanamke aliyefanya kila kitu sawasawa anaanza kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Nikasimama. Sijui miguu ilipata wapi amri hiyo.

"Dada, bafa," nikasema. "Nimetia kitu kwenye bafa."

Akanigeukia. "Umetia nini?"

"Ule unga wa vichupa vya damu."

"Kiasi gani?"

"Vijiko viwili."

Nikangoja ardhi ipasuke. Bi Rula akafumba macho, na alipofumbua, nilishangaa: alikuwa anatabasamu. Akawageukia wageni akawaambia kwamba mwenzake amewaonyesha jambo ambalo hatukupanga kuwaonyesha. Kimeng'enya hiki kina madini ya zinki katikati, kama ule msumari unaoshika mkasi. Na kinahitaji kalsiamu ili kisimame imara. Ule unga kazi yake ni kunyakua madini. Umeung'oa msumari, mkasi umesambaratika. Kwa hiyo, akasema, hili ndilo bamba la mkasi uliotulizwa. Unga huu si dawa, unanyakua kila kitu bila kuchagua. Lakini ndilo tunalolitafuta: kitu cha kuugusa huo msumari, kwa adabu zaidi.

Wageni wakaanza kuandika. Wanaandika!

Yule mgeni akauliza tutajuaje basi kwamba mkasi ulikuwa mzima tangu mwanzo. Swali zuri, nikajua tumekwisha. Bi Rula akaenda kwenye kabati la joto la pili, akarudi na bamba jingine. Alilitandaza jana, akalilaza kwenye bafa aliyoitengeneza mwenyewe. Akalipaka rangi, akalisuuza. Na pale katikati ya buluu, pakatokea dirisha. Jeupe, pana kidogo, kingo zake safi. Nyuma yake niliuona mkono wa Bi Rula.

Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona hapa kazini. Nyuzi zilikuwepo, mkasi umepita, mwanga unaingia. Mmoja wa wageni alipiga makofi, kisha wote.

Baadaye, tukiosha vyombo, nilimuuliza kwa nini alitengeneza bafa yake. Nikamwambia aseme tu, hakuniamini. Akasema hapana, yeye hufanya kila kitu mara mbili, hata chai. Kisha akasita, akaongeza kwamba safari hii, kweli, lilimsukuma pia wazo la mimi na kijiko.

Profesa amemchagua yeye kwa mafunzo. Nimempa mkono. Nilidhani itaniuma hadi mifupani. Imeuma kidogo, pale pembeni.

Jumamosi, 9 Machi

Kliniki na mama mkwe. Muuguzi alipofungua bendeji akapima kidonda, akapima tena, akaita mwenzake. Kimepungua karibu nusu. Wiki sita hizi anafungwa bendeji ya kubana, mguu unainuliwa juu ya mto kila mchana, na muuguzi yuleyule anamsafisha kwa mikono yenye subira. Basi. Hakuna muujiza, akasema muuguzi, ni kuendelea hivyohivyo.

Mama mkwe alirudi akitembea mbele yetu, sisi tunamkimbilia nyuma. Njiani nilimsimulia mambo ya jana yote, bafa, buluu, vijiko viwili. Alisimama katikati ya njia akanishika bega ili asianguke kwa kicheko. Akasema ameishi miaka sabini na mbili na hajapata kuona mtu anayeharibu kazi kwa bidii namna hii. Kisha akasema, na hili nalinakili neno kwa neno, "Lakini ulisimama ukasema ni wewe. Mkwe wangu huyo."

Mke wangu alinishika mkono mpaka nyumbani. Kama nyumba nzima ingekuwa na taa za rangi, ningeziwasha.

Jumatatu, 11 Machi

Profesa ameniita ofisini. Nikajiandaa kwa barua. Akaniambia nikae.

Akasema lipo jarida dogo linalosambazwa kwenye maabara nyingi, na lina ukurasa wa makosa, ili wengine wasiyarudie. Anataka niandike kuhusu ule unga. Ukurasa mmoja, kwa uaminifu uleule wa Ijumaa. Nikamuuliza kama jina langu litatokea. Akasema ndiyo, chini ya kichwa cha habari. Akaniangalia kwa makini, akaniuliza kama nimejifunza kitu wiki iliyopita. Nikamwambia mengi sana.

Nimetoka pale naelea. Jina langu, kwenye chapa! Bi Rula na mabamba yake mawili hajawahi kuchapishwa hata mstari. Nimemwambia. Amenipongeza kwa moyo mweupe kabisa, kisha akaniuliza nina maana gani ninapotabasamu hivyo.

Nilikuwa napiga hesabu. Kosa moja limenipa ukurasa mmoja. Makosa mawili kwa mwezi, hadi mwisho wa mwaka ninacho kitabu, tena kinene, chenye dibaji ya Profesa. Kinachotakiwa ni utaratibu tu. Nimechora jedwali. Kesho naanza na ile mashine ya kuzungushia sampuli kwa kasi, yenye onyo kwamba pande zote zilingane uzito: nataka kujua hasa nini hutokea ukijaza upande mmoja tu.